Baba Asivute Kamba

Kilwa,
Jumatano, katikati ya masika.

Kwa dada yangu Somoe,

Shikamoo dada. Na shikamoo nyingine umfikishie Baba hapo alipo, awe amelala au amekaa. Mimi mwili wangu hauna neno, ile homa iliyonishika mwezi wa Ramadhani imenitoka kabisa. Naomba Mungu barua hii iwakute wewe, shemeji na watoto mko wazima, na mvua hizi ziwe hazijauangusha ule ukuta wa jikoni ulioniandikia kuwa umepata ufa. Habari za moyo wangu sitaki kuzichanganya na salamu. Utazikuta mbele.

Lakini kabla hujasoma zaidi, dada, nakuomba jambo moja. Iweke barua hii chini, chukua kisu, nenda barazani ukaikate ile kamba. Usiifungue, ikate. Na lile gurudumu la kapi nililolipigilia kwenye boriti, mwambie shemeji aling'oe. Kama Baba ameishika kamba sasa hivi, mwambie Issa amesema basi. Halafu urudi usome.

Nimetanguliza hayo kwa sababu naandika kwa haraka. Bwana Bakari, yule mchuuzi wa mitumba wa Mtama uliyempa barua yako, ameifikisha leo asubuhi akiwa na matope mpaka magotini. Ameniambia akishauza nguo zilizobaki anaondoka leo leo baada ya swala ya alasiri. Hakuna gari linalopita, barabara imekatika sehemu mbili. Yeye anakwenda kwa miguu, na mto Mbwemkuru anauvuka kwa mtumbwi. Hii ndiyo njia pekee ya barua niliyoipata tangu mvua zianze, na sijui nitapata nyingine lini.

Barua yako nimeisoma nikiwa mlangoni mwa chumba changu cha kazi, wagonjwa wawili wakinisubiri kwenye benchi. Umeandika hivi: "Tumeupata ujumbe wako, kijana wa baiskeli kauleta kutoka Lindi kwenye kikaratasi, unasema Baba avute kamba tena. Baba kafurahi sana kuona hujamsahau. Sasa anavuta asubuhi na jioni, na ukimwambia apumzike anakataa, anasema amri ya daktari wake haivunjwi."

Dada yangu! Nilikaa chini pale pale mlangoni, wagonjwa wakadhani nimeanguka kifafa. Mimi sikusema avute. Nilisema ASIVUTE. "Baba asivute kamba tena." Nilikuwa nikipiga kelele kwenye simu ya upepo ya hospitali, mvua inanguruma juu ya bati, na mtu wa upande wa Lindi akawa anasikia neno na kukosa neno. Nilirudia mara tatu. Akaniambia, "Nimeipata, nimeipata," nikashusha pumzi. Kumbe hakuipata ile "si". Silabi moja tu, dada, na ndiyo maana leo simu hiyo siiamini tena. Kwa ajili ya silabi moja nimemwongezea Baba mateso mara mbili, na yeye anayapokea kwa furaha akidhani ni mapenzi yangu.

Sasa nikueleze ilikuwaje, maana una haki ya kujua, na tena wewe ndiye niliyekukosea zaidi baada ya Baba.

Unakumbuka nilipokuja likizo baada ya Baba kupooza upande wa kushoto. Mkono ulikuwa unaning'inia tu, hauna habari na mwenyewe. Nikafunga kapi barazani, nikapitisha kamba, mkono mgonjwa nikaufunga kitambaa upande mmoja, mkono mzima ukashika upande wa pili. Mzima unavuta, mgonjwa unapanda mpaka juu ya kichwa. Majirani walijaa kutazama. Baba akawaambia, "Mnaona? Mwanangu kaniletea hospitali nzima hapa barazani kwangu." Nilivimba kichwa, sikufichi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa chuoni, na ndivyo nilivyokuwa nikiwafanyia wagonjwa wangu wote waliopooza huku Kilwa kwa miaka yote niliyokaa. Nikakuambia wewe: hata akilia usimwonee huruma, maumivu ni dalili kwamba mkono unaamka.

Baada ya miezi miwili ukaniandikia. Barua ile ninayo. Ulisema, "Issa, Baba akimaliza kuvuta anageukia ukutani ili watoto wasimwone uso. Bega limeshuka, ukipitisha kidole juu yake kinazama. Mimi si msomi, lakini naona kamba hii inamwumiza, haimponyi." Nami nikakujibu nini? Nikakuambia usilete huruma za jikoni kwenye mambo ya kitaalamu. Nikakuambia wewe jua yako ya mihogo na mbaazi, mambo ya viungo niachie mimi niliyekwenda shule. Dada, nimeikumbuka barua hiyo kila siku kwa wiki sita sasa. Ungenichapa kofi ningeona nafuu.

Macho yangu yalifunguliwa na klabu. Usicheke, si klabu ya pombe wala ya mpira. Ni klabu ya kusoma.

Hapa kazini tuko na mama mmoja anaitwa Bi Tabu, mpiga picha za eksirei, mwenyeji wa Kikole. Mtu mzima, mpole, ila ulimi wake hauna kona. Mwaka jana mwalimu wake wa zamani alimtumia bahasha kubwa ya majarida ya udaktari, ya Kiingereza, mengine kurasa zimeliwa na mende. Bi Tabu akatuita mimi, kijana wa maabara na mama wa dirisha la dawa. Akasema, "Madaktari wana vikao vyao. Sisi tunaoitwa wasaidizi tunafanya kazi kwa tulichokariri chuoni, na mengine tuliyokariri yalikuwa yamezeeka tangu siku tunayakariri. Tukutane kila Alhamisi baada ya kazi. Kila mara mmoja asome makala moja, atueleze, halafu tuulize: hao watu waliopimwa ni akina nani, walilinganishwa na nani, na wagonjwa wetu wa hapa wanafanana nao au hapana?"

Basi tukawa tunakutana chumbani kwake, maana filamu za eksirei zilikuwa zinakwisha mara kwa mara na chumba kinabaki tupu. Kamusi moja, watu wanne, viazi vya porini vya ming'oko vya kuchemsha kwenye sinia. Mimi nilikwenda kwa kiburi, dada. Nilitaka waone Kiingereza changu. Yule wa maabara aliposoma akagundua kuwa alikuwa akikausha slaidi zake za malaria vibaya, nilimcheka. Mama wa dawa aliposoma akabadilisha namna ya kuwaeleza akina mama dawa za watoto, nikasema ni mambo madogo. Zamu yangu ilipokaribia, Bi Tabu akanichagulia mwenyewe. Akanipa kurasa chache zilizobanwa kwa pini, akasema, "Hii yako, Issa. Isome polepole."

Nikaisoma. Ilihusu watu waliopooza upande mmoja kama Baba. Waligawanywa makundi, na kila kundi likafanyishwa mazoezi ya mkono kwa njia yake. Wengine walinyooshwa mkono taratibu na mtaalamu, wengine waliusogeza juu ya kibao, wengine walivuta kamba kwenye kapi. Mwisho wake wale wa kapi ndio walioumia mabega kuliko wote. Kuliko wote, dada. Mwandishi hakupiga kelele wala hakumtukana mtu, aliandika tu kama anayeeleza hali ya hewa. Sababu ni nyepesi, hata wewe ungeijua bila kufundishwa: mfupa wa mkono uliopooza umelegea kwenye shimo lake, na ukiuvuta juu kwa kamba wakati bega lenyewe halina nguvu ya kuusindikiza, unajibana ndani na kuchana nyama.

Alhamisi ilipofika niliisimulia huku jasho likinitoka, halafu nikaanza kuikataa. Nikasema, "Hao ni Wazungu, miili yao si ya kwetu."

Bi Tabu akasema, "Bega la Mzungu lina mfupa wa ziada?"

Nikasema, "Wagonjwa wangu hawalalamiki."

Akafungua kabati, akatoa picha tatu za eksirei za mabega, akazisimamisha kwenye taa. "Hawa wote ni wako. Wazee wawili na yule mama wa sokoni. Angalia nafasi iliyo kati ya mfupa na shimo lake. Mimi nimeona hivi kwa muda mrefu, nikaogopa kukwambia kwa kuwa si fani yangu. Mgonjwa anaweza kukuonea haya, Issa. Picha haina haya."

Nilitoka kwa hasira, sikuaga mtu. Nilimwita mchawi moyoni mwangu, Mungu anisamehe. Lakini kule nyumbani kila nilipofumba macho nilikuwa naona maandishi yako: ukipitisha kidole juu yake kinazama.

Wiki iliyofuata gari la chanjo lilikuwa linakwenda Kiswere kabla barabara haijaharibika, nikaomba nafasi. Huko kuna mgonjwa wangu, Mzee Abdala, ambaye siku za mazoezi hukaa na mkewe kwa jamaa hapa Kilwa; alikuwa mfanyakazi wa mashamba ya chumvi mpaka alipopooza. Nilimkuta uani amekaa juu ya kigoda, mkono uko pajani. Nikamwuliza, "Mzee, bega linasemaje?"

"Halijambo, daktari. Alhamdulillahi."

Mkewe, Bi Hadija, alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini. "Mwambie ukweli."

"Nyamaza wewe."

"Sinyamazi. Daktari, bega linamwuma tangu juma lile la kwanza ulipompa kamba. Kila akitoka kwako ninamkanda kwa mafuta ya nazi, analia kama mtoto mchanga. Kanzu siku hizi hawezi kuvaa peke yake, na zamani kabla ya kamba alikuwa anaweza."

Nikamwuliza yule mzee, "Kwa nini hukuniambia? Kila siku nilikuuliza."

Akainamisha kichwa. Akasema, "Mwanangu, wewe ulikuwa unajisumbua kwa ajili yangu. Unanishika mkono kwa mikono yako miwili, unanihesabia. Nitaanzaje kukwambia kwamba kazi yako inaniumiza? Tulikuonea haya."

Dada, hapo ndipo nilipomwona Baba amegeukia ukutani. Nilitoka nje ya ua nikalia, na dereva wa gari la chanjo akadhani nimepewa habari ya msiba.

Niliporudi nilifanya alivyonishauri Bi Tabu. Niliwafuata wagonjwa wangu wote niliokuwa nimewapa kamba, wale ninaoweza kuwafikia kwa baiskeli, na sikuwauliza wao wenyewe. Niliwauliza wake zao, binti zao, wakwe zao, wale wanaowavisha nguo. Bi Tabu akawa anaandika kwenye daftari. Sitakutajia kila mmoja. Nitakwambia tu kwamba tulipofika nusu ya ukurasa nilimwomba aache kunisomea. Wengine walikuwa hawana neno, ni kweli, lakini wengi walikuwa kama Baba. Watu niliowaambia mimi kuwa maumivu ni dalili njema.

Nikashusha kapi la chumba changu siku hiyo hiyo. Jioni nikaenda kwenye simu ya upepo nikapiga zile kelele zangu ambazo sasa unajua zilifikaje. Na asubuhi nikaenda kwa Mganga Mkuu kuomba ruhusa ya siku kumi nije nyumbani mwenyewe.

Hakuniruhusu. Aliniuliza kwanza habari ya kapi. "Nani kakuambia ulitoe? Vifaa vile vimeletwa na wafadhili, na wageni wao wanakuja mvua zikiisha kutazama kama vinatumika."

Nikamwonyesha makala na daftari. Hakuvigusa. Akasema, "Nasikia mnakutana nyuma ya mlango uliofungwa kila Alhamisi. Siku hizi vyama vingi vimeruhusiwa, sawa, lakini si ndani ya hospitali yangu. Tena nani kakupa kibali cha kuwahoji wagonjwa majumbani? Wewe ni msaidizi wa mazoezi, Issa. Mambo ya kugundua waachie wenye kazi yao."

Dada, nilisikia maneno yangu mwenyewe niliyokuandikia wewe, yametoka kwenye kinywa cha mtu mwingine.

Akaongeza kwamba orodha ya wanaopunguzwa kazi inaandaliwa, na atakayeondoka kituoni kipindi hiki asishangae kulikuta jina lake. Hayo unayasikia hata huko upande wenu wa Lindi bila shaka, serikali inapunguza watu kila mahali, na kila anayeweza anakimbilia kufungua duka lake la dawa.

Hata hivyo nilijaribu. Jumamosi moja mwezi uliopita, baada ya kumaliza wagonjwa, nilipanda lori la mkaa mpaka lilipokwama, nikaendelea kwa miguu mpaka Mbwemkuru. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mikorosho, yanakwenda na magogo. Wenye mitumbwi walikataa, kuna mtu alikuwa amechukuliwa na maji siku mbili nyuma. Nikakaa ukingoni kutwa nzima. Ng'ambo ile nilikuwa naiona kwa macho, watu wanaanika nguo. Nikarudi. Nilifika kazini nimechelewa siku moja, nikapewa barua ya onyo. Lakini ujumbe wa simu ya upepo ulinituliza. Nilijiambia, angalau kamba wameshaishusha. Nimekula na kulala wiki zote hizi kwa matumaini ya jambo ambalo halikuwepo.

Utaniuliza kwa nini nisiondoke leo na Bwana Bakari, sasa mto umepungua. Nimejiuliza hivyo hivyo tangu asubuhi, na jibu langu halinipi raha. Bi Tabu ameshapunguzwa. Jina lake lilitoka juma lililopita, baada ya miaka yote ile, akafunga mizigo yake akarudi Kikole. Siku anaondoka alinipa lile daftari, akasema, "Usiwaachie walirudishe kapi." Maana Mganga Mkuu ameshaagiza kapi lirudishwe ukutani kabla ya wageni, na mimi nimekataa. Nikiondoka, kuna kijana wa usafi ameambiwa atashika nafasi yangu, na atafanya anavyoagizwa. Wagonjwa watafungwa kamba tena, na watanyamaza kwa adabu kama walivyoninyamazia mimi. Mzee Abdala na wenzake hawana mwingine humu ndani anayewashika mabega akijua kinachotokea. Baba anaye wewe. Hilo ndilo lililonifanya niketi niandike badala ya kutembea. Kama nimechagua vibaya, dhambi ni yangu. Kama ni mtoto mbaya anayewaacha wazee wa watu wamtangulie baba yake, basi mimi ndiye.

Kwa hiyo nakukabidhi mkono wa Baba, dada. Sikiliza, na kama kuna neno hulielewi, mwombe mwalimu wa shule akusomee polepole.

Akikaa, weka mto au kanga iliyokunjwa chini ya kiwiko, mkono usining'inie hata kidogo. Mkono ukining'inia unalivuta bega chini. Akilala chali, weka kanga nyingine nyuma ya bega lile. Mtu asimwinue kwa kumvuta mkono uliopooza, si shemeji, si watoto, hata anapokwenda kujisaidia. Mshikeni ubavuni. Kumvalisha, anzeni na mkono mgonjwa, kumvua malizeni na huo. Asubuhi ukae ubavuni kwake, kiganja chako kimoja kiwe nyuma kwenye lile fupa bapa la bega, kingine kishike chini ya kiwiko, uusogeze mkono mbele polepole, usipite usawa wa bega lake. Ukiona uso unabadilika, simama hapo hapo. Usimwulize, tazama uso. Baba atakwambia haumii. Wazee wote wananiambia hawaumii.

Nikwambie pia lisilopendeza, nisije nikakudanganya mara ya pili. Sijui kama bega litarudi. Mzee Abdala tuliacha kamba, tukaweka mto, na mkewe anasema sasa analala na kanzu anaanza kuivaa. Lakini mkono wenyewe haunyanyuki, na mimi simwambii kuwa utanyanyuka. Yule mama wa sokoni hajapata nafuu yoyote, bega limekauka. Baba amevuta karibu mwaka mzima, na wiki hizi za mwisho amevuta mara mbili. Nikihesabu hivyo kichwa kinaniuma. Nilimpa mimi. Kwa mikono yangu iliyosomeshwa na mikorosho yake.

Kazi kubwa zaidi itakuwa kumzuia. Namjua. Atadhani unamdekeza, atasema mbona daktari wangu kaagiza. Basi umsomee sehemu hii kwa sauti, hata kama majirani wapo, na hasa kama majirani wapo, kwa kuwa nilimfungia kamba mbele yao:

Baba, shikamoo. Ni mimi Issa. Nilikosea. Sikukosea kwa kukupuuza, nilikosea kwa kujiona najua. Kamba ile haikusaidii, inakuumiza, na ulipokuwa unaumia hukuwa mvivu wala mwoga. Dada Somoe aliliona hili kabla yangu na mimi nikamtukana. Sasa nakuomba, na hii ndiyo amri ya daktari wako kama bado unapenda kuniita hivyo: mkono uwekwe mtoni… nimeandika vibaya, si mto wa maji. Uwekwe juu ya mto, upumzike. Na bega likikuuma, sema. Mwambie Somoe. Usiugeukie ukuta.

Hapo dada umwachie nafasi aseme atakalosema. Akinikasirikia, usimnyamazishe.

Muda umekwenda, Bwana Bakari amekuja kusimama mlangoni na mfuko wake mtupu begani. Nimemwomba aketi kidogo nimalizie. Nimemwambia pia kwa mdomo, nikamfanya arudie mbele yangu: "Baba asivute." Amerudia vizuri. Nimemwomba airudie njia nzima.

Nisalimie shemeji, na umwambie nyundo ya kung'olea misumari iko chini ya kitanda cha Baba. Nisalimie mama mdogo, umpe pole ya jicho, na umwambie asiweke dawa ya macho ya dukani mpaka aonwe na mtu. Nisalimie mjomba, ndugu wa marehemu mama, na kaka yetu mkubwa akija kutoka shamba. Wanao wote wapake mafuta kichwani kwa niaba yangu. Majirani waliokuja kutazama siku ile ya kapi, wape salamu na uwape habari yote, usifiche.

Na wewe dada, nina ombi moja. Utakaponijibu usiniandikie ya kunifurahisha. Kila baada ya siku chache mtazame Baba, halafu niandikie ulichokiona kama kilivyo: uso wake, usingizi wake, kidole chako kinazama au hakizami. Nikikueleza jambo nawe ukaona linakwenda kombo, liache kwanza, uniambie baadaye. Nitakuamini kabla ya kitabu chochote. Klabu yetu tumebaki wawili, mimi na kijana wa maabara, maana mama wa dawa ameacha kuja akiogopa ile orodha, na barua yako tutaisoma Alhamisi itakapofika, neno kwa neno, kama tunavyosoma za wataalamu.

Ni mdogo wako anayekuomba radhi,

Issa